Mazungumzo ya Nyumbani: Kanzu Ndogo ya Samweli



Mwaka wa masomo umeanza tena, na huku kwetu Paje njia za asubuhi zimejaa watoto wenye mikoba mgongoni. Pamoja na madaftari mapya huja na jambo jingine jipya, nalo ni mwalimu. Yule aliyewajua watoto wenu mwaka uliopita amehamishwa, au amepewa darasa jingine, na huyu aliyekuja hajajua hata majina yao. Wahenga walisema: Asiyekujua hakuthamini. Basi mwezi huu nataka tuzungumze habari ya mtoto aliyepewa akili nyepesi kuliko wenziwe, na jinsi mzazi impasavyo kumsemea mbele ya mwalimu mgeni.

Najua wako watakaosema, "Ya nini kumhangaikia huyo? Aliye hodari atajiongoza mwenyewe. Tuwasaidie walio wazito." Mimi nami nalisema hivyo zamani. Sikilizeni kwanza kisa hiki, kisha mwamue.

Katika nyumba moja ya Wakristo wachache wa pwani hii yuko mtoto wa kike wa darasa la nne. Jina lake silitaji, maana bado ni mdogo, na sifa nyingi humharibu mtoto. Baba yake ni mlinzi wa usiku katika hoteli. Mama yake hulima mwani pamoja na wanawake wenziwe wa kijiji, kazi iliyoanza hapa Paje mwaka 1989, na ambayo tangu hapo imewasomesha watoto wengi. Mwani hufuata maji. Wakati wa bamvu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukupwa mbali sana, na wanawake hushuka na kamba zao na vigingi. Yakianza kujaa, hurudi. Asiyeijua hesabu ya maji hupoteza siku yake.

Mtoto huyu alipokuwa na umri wa miaka minane alimwona mamaye akiuliza kila jioni, "Kesho maji yatakauka saa ngapi?" Akachukua daftari kuukuu, akapiga mstari katikati. Upande mmoja akaandika tarehe za mwezi mwandamo, upande wa pili saa ya maji kupwa. Baada ya miezi michache akagundua mwenyewe, pasipo kufundishwa na mtu, ya kuwa maji huchelewa karibu dakika 50 kila siku. Hakukoma hapo. Akaona kwamba hayachelewi sawasawa: siku za bamvu huchelewa kidogo, na siku za maji mafu huchelewa zaidi. Akauliza sababu. Nyumbani hapakuwa na mtu wa kumjibu.

Mwalimu wake wa kwanza alikwisha kumtambua. Kila alipomaliza hesabu zake alimpa nyingine za kitabu cha darasa la mbele, na mtoto alitulia kama mashua iliyofungwa vema. Mwalimu yule akahamishwa. Akaja mwingine, kijana, mwenye bidii, akakabidhiwa watoto zaidi ya sitini katika chumba kimoja. Mtoto wetu alimaliza hesabu kabla ya wenziwe kuandika tarehe. Akisha kumaliza, huzungumza. Akiona mwenziwe anakawia, humjibia. Mwalimu akamwambia akae nyuma, angoje. Akangoja leo, akangoja kesho, akangoja mwezi mzima.

Kisha ikawa jambo la ajabu. Mama alifungua daftari lake, akaona hesabu zimejaa alama za makosa. Saba mara nane ameandika hamsini na nne. Mama akamwuliza, "Mwanangu, umeumwa? Hesabu hii uliijua tangu darasa la pili." Mtoto akainamisha kichwa, akajibu, "Mama, wanaokosa hupewa kazi ya kusahihisha. Mimi nisipokosa, nakaa bure."

Ndugu zangu, nilipoambiwa maneno hayo sikupata usingizi. Mtoto ana njaa ya kazi hata anadanganya ili apewe. Na akizoea kukosa kwa makusudi mwaka huu, mwaka ujao atakosa kwa mazoea, na mwaka wa tatu atakosa kwa kuwa kweli hajui. Hapo tutasema, "Alikuwa na akili utotoni, hatujui ni nini kilichompata." Nasi tulikuwako tukitazama.

Baba yake alinijia magharibi, kabla ya kwenda lindoni, naye amekasirika. Akasema, "Mwalimu, kesho nakwenda skuli. Nitamwambia yule bibi kwamba anamharibu mtoto wangu." Nikamwuliza, "Ukisha kumwambia hayo, keshokutwa mtoto atakaa katika darasa la nani?" Akanyamaza. Nikamkaribisha akae kitako, nikamweleza aibu yangu mwenyewe, nami sasa nawaeleza ninyi.

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa ningali mgeni katika kazi ya ukatekista, nilikuwa na mvulana katika darasa la wanafunzi wa ubatizo. Siku moja tulisoma habari za kuumbwa ulimwengu, akainua mkono, akauliza, "Mwalimu, ikiwa jua liliumbwa siku ya nne, jioni na asubuhi za siku tatu za kwanza zilijulikanaje?" Mimi sikuwa na jibu, na watoto wote walikuwa wakinitazama. Nikamwambia, "Kaa kimya, usitake kujionyesha." Akakaa kimya. Alikaa kimya mwaka mzima. Siku ya kuhojiwa mbele ya Padre alijibu yote bila kosa hata moja, watu wakanisifu. Lakini tangu siku ile hakuniuliza neno tena, wala juu ya jua, wala juu ya Mungu. Swali lake lilikuwa swali jema, nalo lingaliweza kutufikisha mbali sote. Nilimnyamazisha kwa sababu ya hofu yangu, nikaiita hofu ile adabu.

Kwa hiyo nilimwambia baba yule, "Usimhukumu mwalimu. Hana ubaya na mtoto wako. Yeye ni mzee Eli, na bado hajatambua."

Mnakumbuka habari za Samweli katika kitabu chake cha kwanza. Mtoto aliitwa usiku, akaondoka mbio akaenda kwa Eli. Eli akamwambia kwamba hakumwita, arudi akalale. Mara ya pili ikawa vilevile. Eli hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee, macho yake yameingia kiza, na amechoka. Mara ya tatu ndipo alipofahamu kwamba mtoto huyu anaitwa na Bwana. Tazameni alivyofanya: hakuona wivu kwa kuwa sauti haikumjia yeye, bali alimfundisha mtoto namna ya kuitika. Mwalimu aweza kukosa mara mbili na bado akawa mwalimu mwema, maadamu mara ya tatu amefahamu.

Tena mkumbukeni Hana, mama yake. Alimpeleka mtoto hekaluni akamwacha mikononi mwa Eli, lakini hakumsahau. Kila mwaka, alipopanda pamoja na mumewe kutoa dhabihu, alimletea kanzu ndogo aliyomshonea. Mimi huifikiri sana kanzu ile. Kanzu ya mwaka jana haimtoshi mtoto mwaka huu; hubana mabega, hupanda juu ya magoti. Ilimpasa Hana kuketi nyumbani na kukisia, "Sasa amekuwa hivi." Wala hakwenda kwa Eli kumwambia, "Humtunzi mwanangu, tazama nguo yake ilivyo fupi." Alikwenda na kanzu mkononi. Hiyo ndiyo kazi ya mzazi mbele ya mwalimu: kuleta kipimo cha mtoto, kwa mkono wa upole, kila mwaka.

Basi tukapatana. Baba akaomba ruhusa ya nusu siku, mama akachagua siku ya maji mafu ambayo haendi pwani, nami nikaombwa kufuatana nao. Hatukwenda wakati wa kipindi. Tulipeleka habari kwanza kwa mwalimu mkuu, tukaambiwa tuje mchana, zamu ya asubuhi itakapotoka. Tulipiga hodi, tukakaribishwa, tukatoleana salamu za Waislamu na Wakristo kama ilivyo desturi ya kisiwa hiki. Binti yule akaniamkia shikamoo, nikaitika marahaba. Tukaulizana habari za nyumbani na za kazi. Naye akatueleza: sitini na zaidi katika chumba, vitabu havitoshi, na wako watoto saba ambao hata kusoma bado hawajui. Akasema, "Wazee wangu, huyu wenu simwogopei. Nawaogopea wale saba." Alisema kweli, nasi tukamwambia kwamba ni kweli.

Kisha mama akafungua kanga yake akatoa madaftari mawili, akayaweka mezani. La kwanza lilikuwa la hesabu, lenye makosa. La pili lilikuwa lile la maji. Hakusema, "Mwanangu ana akili kuliko wote." Alisema, "Mwalimu, mtoto aliyeandika hili ndiye aliyeandika lile. Sisi hatukusoma sana, hatujui maana yake. Twakuomba ututazamie."

Mwalimu akaanza kufunua kurasa. Akafunua polepole, kisha akarudi nyuma, akaanza upya. Akasema, "Baba yangu ni mvuvi. Hesabu hii huifanya kwa vidole, nasi hatukupata kumwona akiiandika." Akanyamaza kidogo, akauliza, "Na haya makosa ya saba mara nane?" Mama akamweleza alivyojibiwa na mtoto. Mwalimu akaweka mkono shavuni. Hakuna aliyemlaumu, na kwa sababu hiyo aliweza kusikitika bila kujitetea.

Tuliomba jambo moja tu: kwamba mtoto akisha kumaliza kazi yake, awe na kazi nyingine ya kufanya mahali pake, isiyomtaka mwalimu aache wale saba. Yeye ndiye aliyeongeza mengine. Akasema atampa kitabu cha darasa la tano. Na mara mbili kwa juma mtoto atakaa na wenziwe wawili awasaidie kusoma, wala si kuwajibia. Sisi tukaahidi kumwonya nyumbani asidharau watu, na kurudi baada ya wiki sita.

Sitawaambia kwamba yote yakawa mazuri siku ile ile, maana yasingekuwa kweli. Juma la kwanza mtoto alimwita mwenziwe mjinga, akaadhibiwa, nasi tukaona imestahili. Ziko siku mwalimu husahau, na mtoto hungoja bure kama zamani. Lakini makosa ya makusudi yamekoma. Na lile swali lake limepata jibu. Mwalimu alilipeleka kwa mwenziwe afundishaye sayansi katika skuli ya sekondari, akarudi nalo darasani akawaeleza watoto wote: kwamba mwezi huzunguka dunia, na kila siku hufika mahali pake pa jana umechelewa karibu dakika 50, na maji huufuata, lakini jua nalo huyavuta maji, mara likiwa upande mmoja na mwezi, mara likivuta kwa upande mwingine, na kwa hiyo maji mara huharakishwa, mara hucheleweshwa. Watoto wa wavuvi na wa wakulima wa mwani walisikiliza, maana ni habari ya bahari yao. Swali la mtoto mmoja limewafundisha sitini. Mtu asiseme tena kwamba kumsaidia mwepesi ni kuwanyima wazito.

Na kisiwa hiki kina habari zake za kutufundisha. Mwaka 1864 Askofu Tozer na Daktari Steere walipofika Unguja, Sultani Majid aliwapa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879. Baadaye mtoto mwingine wa Kiyao aliyeletwa Unguja utumwani, Cecil Majaliwa, alifundishwa Kiungani, akapelekwa Canterbury katika Uingereza kuongeza masomo, na mwaka 1890 Askofu Smythies akampa upadre, Mwafrika wa kwanza wa Misheni yetu kuupata. Katika soko la Mkunazini, lililofungwa mwaka 1873, watoto kama hao walipimwa mikono na meno wapate kutiwa bei. Kilichokuwa kichwani hakikupimwa na mtu. Hawakuwa na baba wala mama wa kuwasemea; ilihitajiwa mtu mwingine kuwatazama na kuona.

Tena huko bara, Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, hakuanza skuli mpaka mwaka 1934, naye alikuwa na miaka kumi na miwili. Wasimuliao maisha yake husema kwamba mtemi mmoja rafiki wa babaye alimwona akicheza bao, akastaajabia hesabu zake, akamshauri mzee ampeleke skuli. Akaenda Mwisenge, Musoma, na mwaka 1937 akaingia Tabora. Aliyemsemea hakuwa mzazi wake. Alikuwa mgeni aliyekaa kitako akitazama mchezo. Basi na sisi tusingoje kuwa wazazi. Yatima yuko, na mtoto aliyeachwa kwa bibi yuko, na mtoto ambaye babaye haoni faida ya kitabu yuko. Huyo tumsemee sisi.

Sasa nayakusanya maneno yangu. Enyi wazazi, kwanza, nendeni kwa mwalimu mapema, kabla ya jambo kuoza, wala msiende na hasira. Pili, chukueni kazi ya mtoto, msichukue sifa zake; daftari husema kuliko mdomo. Tatu, ombeni jambo moja dogo lililo katika uwezo wa mwalimu. Nne, sikilizeni mzigo wake yeye, maana ana watoto wengi nanyi mna mmoja. Tano, rudini, kama Hana alivyorudi. Kanzu moja haitoshi maisha yote. Na nyumbani, mtoto mwenye akili ateke maji na kufagia kama nduguze. Bwana wetu alipokuwa na miaka kumi na miwili alikaa kati ya walimu hekaluni akiwasikiliza na kuwauliza, hata wakastaajabu. Kisha akashuka Nazareti na wazazi wake, akawatii. Kuuliza na kutii, yote mawili ni yake.

Nanyi walimu, mtoto anayepiga kelele akisha kumaliza kazi, msimhesabu kuwa mtundu tu. Mtoto aliyekuwa akijua na sasa hajui, mwulizeni sababu. Na akija mzazi mwenye kanga kuukuu na daftari mkononi, mpeni kiti. Asiyejua kusoma aweza kumjua mwanawe vizuri kuliko sisi tuliosoma.

Yule mvulana wangu wa zamani sasa ni mtu mzima. Tulikutana mwaka jana mjini, karibu na Darajani, akaniamkia kwa heshima. Nikamwambia, "Mwanangu, lile swali lako la jua, bado nalikumbuka. Sikuwa na jibu, nami nilikosa nilipokunyamazisha. Nisamehe." Akacheka kidogo, akasema alikwisha kunisamehe zamani. Kisha akaniuliza, "Na sasa, mwalimu, umepata jibu?" Nikamwambia bado. Tukaingia mgahawani, tukaagiza chai, tukaanza kulitafuta pamoja.

Mungu awape ninyi nyote macho ya kutambua, na subira ya kurudi mara ya tatu. Amina.